Ethi Kwenye Migomba

Friji ilipompiga shoti baba, nilipata sababu niliyokuwa naitafuta tangu mama afariki. Nilipanda mlimani siku hiyo hiyo kumwambia afunge nyumba, ahamie kwangu Daraja Mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipakulia mtori, kisha akasema haendi popote.

"Inayoumwa ni nyumba," alisema. "Mlete fundi, usinihamishe mimi."

Basi tukakubaliana: nyumba ikitengenezeka atabaki, ikishindikana atanifuata.

Fundi alimwamkia baba, akafungua boksi la umeme, akatikisa kichwa. Nyumba haikuwa na ethi, ule waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Akafunga kifaa cha kukata umeme ukianza kuvuja, halafu akaenda kupigilia fimbo ya shaba nje, karibu na ukuta. Kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu. Fimbo iligonga mwamba, ikagoma. Akasogea, ikagoma tena. Nisiwadanganye, nilifurahi.

Akazungukazunguka shambani kutafuta unyevu. Kati ya migomba akasimama, akachota udongo, akaufinya kiganjani.

"Hapa pana maji. Kuna bomba limepasuka?"

Hapakuwa na bomba. Palikuwa na kaburi la mama, na masale aliyoyapanda baba kulizunguka yalikuwa mabichi kuliko chochote shambani mwetu. Sikuwahi kujua kwamba anayamwagilia. Kumbe alikuwa akibeba ndoo mwenyewe, kwa magoti yale yale anayoyalalamikia kwenye simu. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyemkosa mama kiasi kile.

Fundi alipojua amesimama wapi alishtuka, akaomba radhi, akaanza kukusanya vyombo vyake. Baba akamzuia.

"Piga hapo pembeni, mwanangu. Mama yao hajawahi kukataa kazi ya nyumba hii."

Fimbo ikazama bila ubishi. Waya ukavutwa mpaka ndani, kisha fundi akaunganisha taa ya kujaribia kati ya waya wa moto na ethi; ethi ikiwa nzima, kifaa kitakata umeme. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, naomba kimoyomoyo kifaa kisikate, nishuke mjini na baba yangu.

Kikakata papo hapo. Baba akapiga makofi, akaniambia niwahi gari.