Chokaa ya Mama na Ng'ombe wa Mzee Masanja

Enzi zetu pale Ifakara, Krismasi ilianzia ukutani. Sikukuu ikikaribia, kila nyumba ya matofali ya kuchoma ilipakwa chokaa upya, na sisi watoto tulirudi ndani weupe hadi kope, kama tumeshinda mashineni kusaga mahindi. Brashi tulitengeneza wenyewe: kipande cha kamba ya katani kilichopondwa ncha, kikafungwa kwenye fimbo. Harufu ya chokaa mbichi juu ya tofali lililoshinda juani naijua hadi leo, na nikiinusa popote nasikia njaa ya pilau.

Lakini hata pilau ilisubiri. Tuliyemngoja kwa hamu ni mpiga picha. Alikuja na baiskeli mchana wa sikukuu, kamera shingoni, akachagua ukuta uliopendeza kuliko yote, na mtaa mzima ukaenda kupigwa picha hapo. Kila mwaka ukuta huo ulikuwa wa jirani yetu, Mama Koleta. Yeye alitia buluu ya kufulia kwenye chokaa yake, ukatoka weupe wa shuka la hospitali. Wivu niliouonea ule ukuta, Mungu anisamehe! Tulivaa nguo mpya, tukapakwa mafuta hadi magoti yakang'aa, halafu tukaenda kusimama mbele ya nyumba ya watu. Koleta mwenyewe, binti wa rika langu, alikaa kizingitini akiulinda ukuta: "Usiegemee, utachafua."

Mama naye aliumia. Mwaka mmoja akaamua. Alinunua buluu, na kwenye chokaa akatia chumvi ya mawe, maana chumvi ndiyo huishikisha ukutani isihamie kwenye nguo. "Chokaa bila chumvi ni unga tu," ndio ulikuwa msemo wake. Safari hiyo alimimina kama anayemkomoa mtu. Ukuta ulipokauka, Mama Koleta alikuja kuusifia kwa shida, midomo ameibana. Mpiga picha alipopita akasema, "Mwaka huu ni hapa." Mimi na dada yangu Yustina tulizunguka mtaa mzima kutangaza, na kwa Koleta tulipita mara mbili.

Asubuhi ya Krismasi tukaenda misa. Tuliporudi tukakuta ng'ombe wa Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia bondeni na mifugo yake, wamejipanga mbele ya nyumba yetu wanalamba ukuta. Walikuwa wameshalamba kuanzia chini hadi ndimi zao zilipoweza kufika. Juu weupe, chini matofali mekundu yanang'aa kwa mate. Mzee Masanja alikuja mbio na fimbo yake, anahema.

"Nisamehe, Mama Yustina. Lakini hii si rangi, mama, hiki ni chakula!"

Mimi nililia. Mpiga picha alipofika aliutazama ukuta, akajikuna kidevu. "Basi mama, twende tu kwa Mama Koleta kama siku zote."

"Hatuendi," mama akamjibu. "Piga hapa hapa. Ukuta ni wetu."

Leo nyumba yangu ina rangi ya dukani, ya kuzuia mvua, hakuna ng'ombe atakayeisogelea. Wanangu hata hawaioni. Wanajipiga picha kwa simu tangu alfajiri, midomo wameibinua, ukiwauliza nyuma yao kulikuwa na nini hawajui. Mimi nina bahasha ya picha za utotoni, na zote nimesimama mbele ya ukuta wa Mama Koleta. Ile moja ya kwetu aliichukua Yustina tulipoanua matanga ya mama. Ameitia kwenye fremu, iko sebuleni kwake kijijini Kisawasawa, na kila nikienda namwonea wivu kuliko nilivyowahi kumwonea Koleta. Mwanangu ananiambia niipige kwa simu yaishe. Anadhani yanaisha hivyo.

Nimeshaiomba, nimebembeleza. Jibu la Yustina ni lile lile: "Ya nini kwako? Ulikuwa unalia, uso umeuficha kwenye kitenge cha mama. Humo hata huonekani."

Ni kweli, sionekani. Unaonekana mkono wa mama juu ya kichwa changu.