Kompyuta za Wageni

Nilitoka Uvira kwa ajili ya mpwa wangu Furaha. Anasoma informatiki katika taasisi moja ya mji wa Baraka, mtihani wa vitendo unakaribia, na hajawahi kugusa kompyuta. Kibodi anayoijua ni ile iliyochorwa ubaoni kwa chaki.

Tulipofika Makobola, pikipiki niliyokodi ikapata pancha. Dereva aliposikia ninakwenda kwa Profesa, akaacha kuziba tairi.

"Ule wa Fizi? Muntu wa kwanza wa kwetu kusomea mashine?"

Huyo huyo. Ujanani alifanya kazi na kompyuta iliyojaa chumba kizima. Kwa kuwa aliiweza, wakubwa wakamtoa kwenye mashine hiyo wakampa ukuu wa kitivo. Kila walipomwongezea cheo walimpunguzia mashine. Leo ni mkurugenzi mkuu wa taasisi anayosoma Furaha, ana viti vitatu vya ngozi na hana hata kipanya.

Tulipopumzika Nundu nilikunywa chai, nikapanga maneno makali ya kumwambia.

Nilipofika Baraka, Profesa aliyamaliza yote kwa kunikumbatia. Akafungua chumba. Kompyuta mpya zimejipanga, kila moja imefunikwa kitambaa cha maua, kama sahani za kabatini kwa mama yangu.

"Prof, banafunzi banazitumia lini?"

"Aa, ndugu yangu! Hizi ni za bageni. Batoto bataziharibu."

Hasira ilinipanda. Yeye akafunua moja, akanisogezea kiti. "Karibu, mugeni." Wanafunzi walijaa dirishani, Furaha mbele yao.

Kwetu mgeni akiachwa ale peke yake, nyumba nzima imeaibika. Nikaiweka mikono magotini.

"Prof, mi siwezi kukula peke yangu. Uniitie batoto ba nyumba."

Profesa akatazama dirisha, akatazama kiti changu. Alijua amenaswa. "Muingie," akasema kwa sauti ndogo.

Vitambaa vikatolewa. Furaha akaandika jina lake, akalifuta, akaliandika tena. Profesa naye akajipenyeza kati yao, akabonyeza kwa kidole kimoja, akacheka mpaka machozi. Nilimpenda kweli siku ile.

Nikarudi Uvira nimevimba kichwa. Nilichojifunza ni kwamba kwetu elimu hufunguliwa kwa heshima ya mgeni, si kwa haja ya mwanafunzi. Wiki haijaisha, Furaha akapiga simu.

"Mujomba, bamerudisha bitambaa. Utakuya kututembelea lini tena?"

Nikamwita yule dereva, nikapiga pasi shati langu la ugeni.