Picha ya Kidonda

Mwaka wa tatu wa udaktari tulipelekwa fildi, mafunzo ya vitendo, katika hospitali ya Mpanda, wanafunzi wanne, tukapanga vyumba viwili mtaa wa Shanwe. Wenzangu walilalamikia vumbi na umbali. Mimi nilikuwa nimerudi kwetu. Wazazi wangu wanalima Mwese, na Kiswahili nilikikuta shuleni, baada ya Kirundi cha nyumbani.

Mmoja wetu ndiye aliyekuwa akiongoza darasa. Mbinu yake ilikuwa kukusanya maswali ya mitihani iliyopita na kuyameza pamoja na majibu. Wodini alitafuta wagonjwa wanaofanana na maswali yale. Asiyefanana alimpita bila hata salamu.

Asubuhi moja aliletwa mama mtu mzima kutoka Mwese. Alikuwa na kisukari, mguu umeoza kuanzia vidoleni, nzi wamemfuata mpaka kitandani. Nilishikwa na kichefuchefu, sikatai. Yule kinara wa darasa alivaa barakoa mbili, akafunua shuka, macho yakamng'aa.

"Hii lazima itoke kwenye mtihani," akasema. "Mama, geuza mguu, mwanga haufiki."

Mama hakukielewa kile Kiswahili cha haraka. Jamaa akaushika mguu mwenyewe, akaugeuza, akapiga picha. Mama aliuma pindo la kitenge. Jamaa akaenda kunawa.

"Mwanangu, yule daktari kaona nini?" mama aliniuliza kwa Kirundi.

"Bado si daktari, mama. Ni mwanafunzi kama mimi."

Nikamwita nesi, tukakisafisha kidonda taratibu. Usaha ulinichuruzikia mpaka kwenye viatu.

Mchana tulikuwa tunakula wali na samaki, migebuka, jamaa akaegemeza simu kwenye jagi la maji ili wote tuione picha.

"Ulimwomba ruhusa?" nikauliza.

"Atajuaje? Hata kusoma hajui."

"Ifute."

"Nyie wa huku mna huruma za ajabu. Mimi nataka GPA ya kwenda kusomea ubingwa. Wewe umekuja kutafuta nini?"

Alisema hivyo huku anachambua miba, mdomo umejaa. Wodini nilivumilia. Pale nilitoka nje, nikatapika nyuma ya choo.

Jioni nilimweleza daktari aliyekuwa akitusimamia. "Mwache," akasema, "yeye angalau anajisomea." Kufikia kesho yake mguu wa yule mama ulikuwa kwenye simu za darasa zima.

Nikajitoa kwenye kikundi chao cha kujisomea. Nikaanza kukaa na mgonjwa mmoja mmoja, namuuliza ugonjwa ulivyomwanza, kisha nasoma habari zake kitabuni. Ni njia ya polepole, na muhula ule alama zangu zilishuka. Mama alikatwa vidole viwili, kidonda kikakauka, mwanawe akaja kumchukua kwa pikipiki kumrudisha Mwese.

Tuliporudi chuoni, jamaa aliongoza tena. Walimu walimsimamisha mbele, wakatuambia tuige usomaji wake, na ukumbi ukapiga makofi. Siku hizi hutuma salamu kwenye kundi la WhatsApp la darasa letu kila Jumatatu. Nazisoma, nasikia kinyaa kilekile, nafunga simu.