Maili Elfu Moja kwa Mwaka

Brenda Entwistle hakulia mazishini, na Colne nzima, huku kaskazini mwa Uingereza, iliona. Watu wa mji wetu hatupendi kelele za kilio, hilo linajulikana, lakini hata sisi tuna kiwango chetu. Mjane mwenye macho makavu, anapita akigawa keki kama yuko kwenye harusi ya jirani! Tukatazamana. Mwenyewe alikuwa hasikii kitu. Tangu mumewe Clive alipoanguka bafuni na kufa mwezi wa Februari, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi kama mkono uliolaliwa usiku kucha: upo, ni wako, lakini ukiufinya hausemi.

Kitu kimoja tu kilimgusa siku ile, nacho kilikuwa hasira. Clive alikuwa na miaka ishirini na miwili kwenye kiwanda cha vitasa vya milango kule Preston, na hakuja mtu hata mmoja. Bosi hakuja, karani hakuja, wala huyo Roy Clegg, ambaye vichekesho vyake Clive alikuwa akivileta nyumbani kila Ijumaa pamoja na samaki na chipsi. Kadi ya pole? Wapi! Jioni ile Brenda alifungua kijitabu cha namba za simu, akalikata jina la Roy kwa kalamu nyekundu, mistari miwili. "Hayawani," alisema. Kisha ganzi ikarudi, akaosha vikombe.

Gari likabaki mbele ya nyumba. Brenda hajui kuendesha, na kila akifungua pazia analikuta pale linamtumbulia taa. Mwisho wa Septemba, ukaguzi wake wa mwaka ukiwa umebakiza wiki tatu kwisha, akabandika karatasi kwenye dirisha la duka la magazeti: gari la rangi ya fedha, mwenyewe mmoja, limetunzwa.

Jumamosi asubuhi akaja Leanne Pilling, yule dada anayepeleka barua mitaa ya juu. Alivua koti, akafungua boneti, akachomoa kijiti cha oili na kukinusa.

"Usinishangae, mama. Baba yangu alikuwa fundi. Mimi nimelelewa chini ya magari."

"Tazama tu, mwanangu. Mimi najua rangi yake, basi."

"Mzee alikuwa analitumia sana?"

"Kila siku ya kazi. Preston, kwenda na kurudi. Saa moja kamili asubuhi ameshatoka, saa kumi na mbili jioni yuko mlangoni. Saa yangu nilikuwa naitegea kwake."

Leanne akatoa simu, akaandika namba ya gari kwenye ukurasa wa serikali wa ukaguzi wa magari mtandaoni. Siku hizi huna siri na gari lako. Kila ukaguzi liliofanyiwa uko pale, tarehe yake, maili zilizosomeka kwenye mita siku ile, na kila kasoro aliyoiona mkaguzi. Hailipiwi, na mtu yeyote anasoma. Leanne alisoma kwa kidole, midomo ikichezacheza. Kidole kikasimama.

"Hebu rudia, mama. Kila siku Preston?"

"Mpaka Ijumaa ya mwisho. Mimi ndiye niliyekuwa namfungia mkate wa jibini na achari, na chupa ya chai."

"Basi sikiliza. Oktoba 2021, maili hamsini na nane elfu. Oktoba 2022, sabini na moja elfu. Hapo sawa, hiyo ndiyo Preston. Oktoba 2023, sabini na mbili elfu. 2024, sabini na tatu." Akamtazama. "Maili elfu moja kwa mwaka. Kwenda Preston? Labda kwa ungo! Mama, mita hii imechakachuliwa."

"Na nani?"

"Sikusingizii wewe. Lakini umeandika mwenyewe, gari lina mwenyewe mmoja." Alianza kuvaa koti. "Samahani, najua umefiwa. Ila gari la namna hii sinunui, na nikiulizwa nitasema."

Brenda angeweza kumwacha aende. Hakuwa na shida na gari, hakuwa na shida na mtu, na mlango ulikuwa nyuma yake. Lakini ifikapo Jumatatu barua za mitaa ya juu zingefika na habari kwamba Clive Entwistle alikuwa tapeli, na hilo lilimkaa kooni. Clive, aliyerudi dukani kwa miguu kwenye mvua eti kazidishiwa chenji!

"Clive hakuwa mwizi," alisema. "Mbali na mita, kuna kitu gani kinachoonyesha gari limekwenda?"

Leanne akageukia magurudumu. "Kuna tairi."

Brenda aliingia ndani, akavuta droo ya jikoni, akarudi na risiti. Mwisho wa Septemba 2022, tairi nne mpya. Aliikumbuka siku ile, maana Clive alilalamika mezani kwamba barabara ya Preston inakula tairi kama mbuzi.

Leanne akapiga goti kwenye lami. Akasugua ubavu wa tairi kwa kidole gumba mpaka tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa zilipojitokeza. "Wiki ya thelathini na saba, mwaka ishirini na mbili. Ndizo zenyewe." Akapitisha kiganja juu ya mpira, akazunguka zote nne, akarudi akicheka. "Mama, hizi zina vinyweleo vyake vya kiwandani mpaka leo! Zingekwenda Preston miaka miwili zingekuwa kipara kama mjomba wangu Trevor. Na mkaguzi kaandika humu, diski za breki zina kutu. Gari linalokimbia halipati kutu hapo. Mita haina kosa. Hili gari lilikuwa linasimama tu..."

Kicheko kikamkatikia mdomoni. Alikuwa ameelewa anamwambia nani.

Brenda alikuwa ameshapiga hesabu. Maili elfu moja, siku za kazi mia mbili na arobaini na kitu. Maili nne kwa siku. Mbili kwenda, mbili kurudi. Maili mbili zinakufikisha kwenye bwawa la maji juu ya mji, pale penye maegesho ya changarawe, na hakuna pengine pa mtu kukaa kutwa bila kuulizwa. Clive alirudi akimsimulia theluji iliyofunga barabara kuu, lori lililopinduka, msimamizi mpya mwenye sauti ya bata. Naye akamwandalia chai, akamvua viatu, akampa pole ya safari. Mshahara uliingia kila mwezi. Baada ya mazishi alikuta akiba ya uzeeni imebaki kiduchu, akasema labda ndiyo maisha ya siku hizi. Hakuuliza. Jamani, angemuuliza nani?

"Hakuwa na kazi," alisema Brenda, kwa sauti ileile ya kutaja rangi ya gari. "Mita iko sawa. Mume wangu hakuwa na kazi."

"Pole sana, mama."

"Unalichukua?"

"Nalichukua," alisema Leanne, na hakuomba kupunguziwa.

Gari lilipoondoka, pale liliposimama palibaki pakavu na mvua ikaanza kupalowesha. Brenda alipatazama kidogo. Hakusikia kitu bado. Alikwenda kwenye kijitabu, na ile namba ilisomeka vizuri tu chini ya wino mwekundu.

"Roy Clegg hapa."

"Mimi Brenda. Mke wa Clive."

"Shemeji! Loo! Huyo bwana yuko wapi? Mwambie nimemlimbikizia vichekesho vya miezi saba!"

Brenda alikaa kwenye ngazi. "Roy, Clive aliacha kazi lini?"

"Hakukwambia? Tulipunguzwa watu kumi na wanne, shemeji, Oktoba ya 2022. Mimi nikarudishwa, yeye hapana. Lakini hakutusahau. Kila Ijumaa saa kumi ananipigia: 'Roy, nipe ya wiki.' Nani kafanya nini, msimamizi kasema nini, anataka yote. Mimi nampa, anacheka mpaka anakohoa."

"Na alipoacha kupiga?"

"Februari. Ijumaa ya kwanza nikangoja, ya pili nikangoja. Ya tatu nikawaambia jamaa: Clive hana nafasi tena ya simu, ujue kapata kazi. Tulifurahi, shemeji! Tulikwenda baa wote, tukanywa kwa ajili yake."

Brenda alifungua mdomo ili amwambie, na hapo ndipo ganzi ilipoachia. Iliuma kama unavyouma mkono ukiamka. Kilio kikamtoka cha sauti, cha aibu, cha kusikika mpaka nyumba ya tatu, na kwenye simu Roy alikuwa bado anaita, "Shemeji? Shemeji, kwani hakupata kazi?"