Uzi Uliokatwa kwa Mkasi

Kuna harufu moja ambayo hadi leo hunisimamisha kabla sijajua inatoka wapi: harufu ya kikapu cha mwanzi kilicholowa, kikipigwa na mvuke, na ndani yake wali wa kunata unaiva polepole. Wengine wakiisikia hutamani kula. Mimi hutazama kwanza mkono wangu wa kushoto. Mwezi uliopita niliikuta tena kwenye ngazi za jengo letu la zamani, nikasimama na mifuko yangu ya sokoni kama aliyeitwa kwa jina.

Nilikuwa na miaka minane. Tulikaa Ulaya, mtaa wa Forest, ghorofa ya tatu, na chini yetu aliishi Maman Noi, mjane wa Kithai aliyetoka kijiji cha wakulima wa mpunga, mbali kaskazini-mashariki mwa nchi yake. Papa alipokuwa kazini nilishuka kwake. Nilimpenda kwa sababu iliyo wazi kabisa: alikula wali kwa mkono, akiufinyanga tonge vilevile kama sisi tunavyofinyanga bukari, ugali wa kwetu Lubumbashi, wala hakuniambia nikae wima.

Majira yale ya baridi mama alilazwa hospitali, kule Woluwe, ili apasuliwe moyo. Hakuna aliyeniambia. Wakubwa walinong'ona tu, nami nikasikia "moyo", nikasikia "kufungua", nikasikia "Jumatano", nikaacha kula.

Jumatatu Maman Noi alinikuta mlangoni pake natetemeka. Alichukua uzi mweupe wa pamba, akanifunga kwenye kifundo cha mkono, huku akisema maneno ya kwao kwa sauti ya chini. Kijijini kwake, alinieleza kwa Kifaransa chake cha kuokoteza, mtu akiogopa sana roho yake hutangatanga, na watu humfunga uzi ili irudi mahali pake. Unakaa nao siku tatu, kisha fundo linafunguliwa kwa vidole. "Jamais ciseaux," alisisitiza. Mkasi, kamwe.

Mimi nikapiga hesabu zangu. Mama angepasuliwa Jumatano, na uzi ungekuwa bado mkononi. Basi uzi huo ndio uliomshikilia mama. Jioni ile nilioga mkono mmoja ukiwa juu, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda chooni.

Jumanne akafika Tante Bernadette kutoka Liège, dada yake papa, aje anitunze. Tante ni mtu wa Lubumbashi na mtu wa maombi, na siku hizo alikuwa amefunga, hali chochote, kwa ajili ya mama. Alikuwa ananivua sweta alipouona uzi.

"Feza! Ni nini hii ku mukono? Nani alikufungia?"

"Maman Noi. Ni juu ya maman..."

"Donc ni fétiche, ni buchawi! Kesho mama yako anaingia ku opération, na weye unavaa dawa ya bantu? Apana. Leta mukono."

Mkasi wa jikoni ulilia mara moja. Uzi ukaanguka kwenye sinki, maji yakaenda nao. Sikulia. Nilijua tu, kwa uhakika wa mtoto wa miaka minane, kwamba nimemuua mama yangu.

Jumatano shule hutoka saa sita mchana. Asubuhi ile kila mlango wa darasa ulipofunguliwa niliona wamekuja kuniambia. Tante na papa walikuwa hospitali, kwa hiyo Maman Noi ndiye aliyenichukua, nami nikauficha mkono ndani ya koti njia nzima. Jikoni kwake, mvuke ukipanda, nilishindwa. Nikavuta sweta, nikamwonyesha mkono mtupu.

Nilitamani anipige, yaishe. Badala yake akanisimulia mwaka ambao mto wao ulifurika ukaozesha miche yote ya mpunga.

"Mlisahau kufunga uzi?" nikamuuliza.

Alicheka hadi akashika meza. Kijiji kizima kilikuwa kimefunga, alisema, na maji yalikuja hivyo hivyo. Baba yake alikuwa ameumia mguu, hawezi kuingia shambani, basi majirani wakaja kumpandia upya. Mto ukafurika tena. Wakapanda mara ya tatu, matope hadi mapajani, na baba akiwapikia wali kila alfajiri huku amekaa kwenye kigoda. Msimu uliofuata, mguu ulipopona, alienda kuinama kwenye mashamba yao, moja baada ya jingine. Hakuna aliyemwambia aende.

Kisha akajaza wali kwenye kikapu kidogo chenye kifuniko, tukapanda metro hadi Woluwe. Tante alikuwa peke yake kwenye korido, midomo ikicheza, macho yamevimba. Papa alikuwa ameenda kuwauliza wauguzi. Niliogopa wanawake wale wawili watagombana. Maman Noi alimwekea kikapu mapajani.

"Mangez, ma sœur." Kula, dada yangu.

Tante hakula. Alikikumbatia tu, kikiwa cha moto bado, akanitazama. "Feza, nilikata ile kamba juu niliogopa," akasema.

Sikuwahi kumsikia mtu mzima akisema hivyo. Tulikaa watatu, tukiogopa pamoja, mpaka daktari alipotoka na papa nyuma yake analia na kucheka, akatuambia moyo wa mama unapiga wenyewe. Hapo Tante alifungua kifuniko, akala wali wote. Hata tonge moja hakutuachia.

Mama yupo, anagombana na televisheni kila siku. Nami ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba uzi ule haukuwa wake hata kidogo. Ulikuwa wangu; mimi ndiye niliyekuwa natetemeka mlangoni.

Harufu ya mwezi uliopita niliifuata hadi kwa Maman Noi. Alikuwa anangoja kupasuliwa nyonga, na amekuwa mdogo kwenye kiti chake, akinitazama kwa hofu ambayo sikuwahi kuiona usoni pake. Lakini jikoni alikuwepo Tante Bernadette. Alikuwa ametoka Liège na mchele ulioloweshwa kwenye ndoo, na hakuna aliyemwambia aje. Alipanguza mikono, akatoa uzi mweupe kwenye mkoba, akamfunga Maman Noi kwa jina la Yesu, kwa sauti ya kusikika hadi ghorofa ya tatu. Fundo lilikuwa kubwa na baya.

"Trois jours," Tante akamwambia, akiinua vidole vitatu. "Na mukasi, apana."