Mtungi wa Tatu wa Riyem

Shemeji yangu Riyem hajui kusoma, ila mitungi ya porini anaijua kama watoto wake. Tangu ujana anapanda mlima wa chokaa nyuma ya kijiji kuchuma mitungi hiyo, vile vikombe vya majani vinavyonasa wadudu. Anavisafisha, anavijaza mchele wa kunata na tui la nazi, anavipika kwa mvuke, kisha anauza sokoni Serian.

Dokta Voon, mtaalamu wa mimea kutoka mjini Kuching, alisema mlimani kuna aina mbili za mitungi.

“Tatu,” Riyem akasema.

“Huo wa tatu ni mchanga tu, mama. Ukikua utafanana na wenzake.”

“Mchanga? Nauchuma tangu wewe unanyonya!”

Nilicheka, kisha nikaona haya.

Alfajiri tulipanda wote. Mchana tukashuka na kapu la mitungi ya kila aina, na maua ya ule wa tatu, la kike na la kiume. Bila yote mawili, Dokta alisema, aina mpya haiwezi kuandikwa rasmi. Yeye mwenyewe hakuwa ameamini bado, na gari lake lingeondoka jioni. Tuliweka kapu jikoni, tukaenda kuoga mtoni.

Tuliporudi, sufuria ilikuwa inafuka. Mama yangu alikuta mitungi mibichi kando ya jiko, akafanya jambo ambalo yeyote kwetu angefanya: akaipika.

“Mama! Maua yako wapi?” Riyem alipiga kelele.

“Kwani maua yanaliwa? Nimewapa nguruwe.”

Riyem akaketi chini, mikono kichwani. Dokta akafunua sufuria, kisha akainama zaidi. Mitungi mingine ilikuwa imelegea kama matambara. Ile ya aina ya tatu ilisimama wima. Akaupasua mmoja, akakimbia nao mlangoni.

“Una meno ndani ya mdomo! Wenzake hawana! Huu umekomaa, mama, ni aina nyingine!”

“Si nilikwambia? Shemeji, lete panga!”

Tulipanda tena mlima mbio, kutafuta maua mengine. La kike tulilipata upesi. La kiume halikuonekana mahali popote, na jua lilikuwa linashuka. Riyem akavua viatu, akajibana kwenye ufa wa mwamba mpaka nikafumba macho.

“Lipo! Linanuka, lipo!”

Nililipokea ndani ya kofia yangu, sikuthubutu kupumua. Dokta akalilaza kati ya magazeti likauke. Riyem akamsimamia, magoti yakivuja damu.

“Andika,” akasema. “Mbele yangu.”

Dokta akaandika: aina ya tatu.