Picha Niliyompelekea Daktari

Nichekeni tu, ndugu zangu, hata mimi nimeshajicheka. Baba yetu alilazwa hapa Mwanza kwa saratani ya damu. Daktari akatuambia mimi na mdogo wangu Masanja, "Kabla ya kuchagua dawa, tutapima vinasaba." Masanja akakubali haraka mno.

Mimi vinasaba ninavyovijua ni vya kutafuta baba halali wa mtoto, na kwetu Igoma nisiyefanana na wenzangu ni mimi peke yangu. Nikaamini Masanja ananitoa kwenye urithi mzee angali hai.

Kesho yake nikaingia wodini na picha ya baba akiwa kijana, nikamwinulia daktari mbele ya wagonjwa wote.

"Tazama pua hiyo, daktari, kisha tazama yangu! Damu yangu sitoi!"

Daktari akanijibu kwa upole, "Yako ya nini, kaka? Tunapima uboho wa mzee, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Tunaangalia kama kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, za seli zenye saratani zimekatika au zimebadilishana vipande, ndipo tujue dawa itakayomfaa."

Baba akajiinua kwa kiwiko, akanitazama.

"Mwanangu, kwani nani kakwambia wewe si wangu?"